Kutengeneza ama kununua mpya: hesabu ya friji, TV, feni na pampu kwa sisi watu wa Amu

Huku kwetu Amu (Lamu) swali la kutengeneza ama kununua halifanani na la mtu wa Mombasa. Yeye friji ikimfia anashuka mjini, anauliza bei duka mbili tatu, jioni mpya iko jikoni. Sisi friji hiyo hiyo ipande lori, ifike Mokowe huku bara, ipakiwe boti, ishushwe gatini, halafu itafutiwe mkokoteni na hamali wa kuipitisha vichochoro ambavyo vingine punda wawili hawapishani, na kila mkono unaoishika unataka chake. Kwa hiyo ile hesabu watu wanayoitaja sana, kwamba ukarabati ukizidi nusu ya bei ya mpya basi nunua mpya, si mbaya ila uifanye na bei ya kitu kikiwa kishafika kwako na kimewashwa, si bei ya dukani. Tuseme friji dukani ni elfu 35 na usafiri pamoja na mahamali wamekula elfu 5, basi nusu yako ni elfu 20, si 17 na nusu. Fundi aliyekutajia elfu 18 ukamuona mwizi, kumbe yuko ndani ya hesabu.

Lakini mimi hata hiyo nusu siianzi. Naanza kuuliza hiki kitu kimeuliwa na nini, manake ukinunua kipya na muuaji bado yuko nyumbani, umempelekea wa pili. Na wauaji wetu tunawajua. Kuna hewa ya bahari, hii inayokula vyuma na kuzitia bodi za vifaa ile kutu ya kijani kwenye shaba. Kuna maji ya kisima yenye chumvi. Kuna stima yenyewe, ambayo inatufikia kwa laini ndefu kutoka Rabai karibu na Mombasa ikapita Malindi na Garsen ndo ije huku, kwa hiyo jambo likitokea mbali sisi tunalala giza, na inaporudi hairudi kwa adabu, inarudi kwa kishindo, inakwenda tena, inarudi. Na jioni watu wakiwasha vitu vyote pamoja, kuna mitaa taa zinafifia kabisa, hapo ujue voltiji imeshuka na mota inayojaribu kuanza inaweza kuungulia pale pale. Halafu kuna uzee wa kawaida, huo hauna dawa.

Kikiuliwa na uzee, fikiria kununua. Kikiuliwa na stima, mara nyingi ni kipande kimoja tu kimekufa kikijitoa mhanga kwa vingine, tengeneza na uweke kinga. Kikiuliwa na kutu, inategemea kutu imefika wapi.

FRIJI

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea kwa hivyo nitakaa kidogo.

Kuna mama mmoja jirani friji yake ilikuwa inaunguruma kutwa na haigandishi, kaja fundi kijana, kaigusa nyuma, kasema, "Mama, gesi imekwisha, nitakujazia." Mama akamtazama, akamwambia, "Mwanangu, hiyo gesi imekwenda wapi? Mimi sipikii gesi ya friji." Kijana akacheka lakini swali lilikuwa lenyewe hasa. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya mtungi wa kupikia, inazunguka humo humo miaka yote. Ikipungua kuna tundu. Na fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu amekuuzia ubaridi wa wiki chache, utamuita tena na atakuja na mtungi ule ule.

Sasa tundu liko wapi, hapo ndo tengeneza na nunua zinapoachana njia. Likiwa kwenye bomba la nje nyuma, limeliwa na kutu ama mahali pa kuunganishia, linaonekana kwa povu la sabuni, linachomelewa, filta inabadilishwa (kila mfumo ukifunguliwa filta ibadilishwe, asikwambie ile ya zamani bado nzima), inavutwa hewa yote kwa pampu, ndo gesi iingie kwa kupimwa. Hiyo ni kazi halali na friji inaishi. Likiwa kwenye freeza kwa sababu mtu alichokoa barafu na kisu, tunajuana, nayo pia linazibika kama fundi ni mzuri na aluminiamu. Lakini friji nyingi za sasa zile ambazo ubavuni ukigusa kuna joto, bomba la moto limefichwa ndani ya ukuta wa friji, likitoboka humo kwa kutu hakuna wa kulifikia bila kuibomoa. Wako mafundi wanaolikata hilo bomba la ndani na kufunga jipya kwa nje nyuma, inafanya kazi, lakini ikiwa friji yenyewe mwili ushaanza kutoboka chini miguuni, mimi naiacha.

Kingine usome kile kibandiko cha nyuma au kilicho karibu na kompresa, kinasema gesi ya aina gani. R134a na R600a ndizo utakazokutana nazo sana. Hazichanganywi na moja haijazwi mahali pa nyingine ati kwa sababu fundi leo ana hiyo tu. R600a inawaka moto, inaingia kidogo mno, gramu makumi machache tu, na fundi anayewasha moto wa kuchomelea kabla hajaitoa nje gesi iliyobaki mtoe yeye nje kwanza. Na kama kibandiko kimeandika R12, basi friji hiyo ni mzee wetu sote, gesi hiyo ilikomeshwa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, muage kwa heshima.

Kompresa je. Hapa watu wanaambiwa "kompresa imekufa" haraka sana. Ikiwa kimya kabisa yaweza kuwa thamostati, waya, ama kale kakifaa ka kuiwashia kanakobanwa ubavuni mwake, na hako ni ka bei ndogo sana. Ikiwa inavuma sekunde chache halafu inafanya "tak" inanyamaza, baada ya dakika inajaribu tena, yaweza kuwa kale kale kakifaa, ama kapasita (kidude cha kuipa mota msukumo wa kuanza), ama voltiji iko chini wakati huo, ama kweli imekwama. Mwambie fundi atoe mita apime mbele yako. Kompresa ya kawaida ina pini tatu. Atapima mbili mbili apate namba tatu, tuseme 12, 18 na 30, zile mbili ndogo zikijumlishwa ziwe sawa na ile kubwa ama karibu sana. Kisha apime kila pini na chuma cha mwili wa kompresa, hapo mita isisome chochote. Ikisoma, imepiga shoti kwa mwili, ni hatari kwa watu na imekwisha. Huo mtihani hauchukui hata dakika tano na hauhitaji kuwa fundi kuuelewa, na fundi mkweli hakatai kukuonyesha. Hizi friji za inverta ni habari nyingine, kompresa yake inaendeshwa na bodi, haiwashwi moja kwa moja, na bodi ndo inayokufa stima ikirudi vibaya. Uliza bodi ya modeli yako inapatikana Mombasa kabla hujatoa pesa yoyote ya kazi, kama ni ya kuagiza nje na hakuna tarehe, nunua.

Kompresa ikiwa imekufa kweli: friji ina chini ya miaka mitano sita na mwili hauna kutu, badilisha kompresa. Ina miaka kumi na kitu, pipa la mwili limechoka, raba ya mlango imelegea, hapo kompresa mpya unaifungia nyumba mbovu, nunua.

Na kuna gharama ambayo haionekani, ya tokeni, ile stima tunayolipia kabla. Siku moja usiku kabla ya kulala zima kila kitu uache friji peke yake, soma uniti kwenye kile kidude cha tokeni, asubuhi kabla hujafungua mlango wa friji soma tena. Ikiwa kwa masaa 10 imekula uniti moja, siku nzima ni kama 2.4, mwezi ni 72, na ukipiga kwa, tuseme, shilingi 28 kila uniti ni kama elfu 2 kwa mwezi, na mchana inakula zaidi ya usiku kwa sababu ya joto na watoto wa kufungua fungua. Friji ndogo ya sasa nzima inaweza kwenda chini ya uniti moja kwa siku. Tofauti hiyo ni kama elfu 14 kwa mwaka, kwa hiyo friji kuukuu ya bure uliyopewa na shangazi si ya bure. Lakini kabla ya kuilaumu bana noti kwenye mlango ufunge, uivute. Ikitoka bila kushikwa, raba ndo mbovu, na raba inabadilishwa.

Ukinunua tazama ile stika yenye nyota ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, nyota nyingi ndo tokeni kidogo. Na ikifika ikiwa ililazwa kwenye boti, isimamishe masaa mengi kabla ya kuiwasha, bora ilale usiku mzima imesimama, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Wako walioua friji mpya siku ya kwanza kwa hamu ya maji baridi tu.

MITUMBA YA NJE

Hii ni njia ya tatu katikati. Vitu vya kutoka Uingereza vinaingia moja kwa moja manake plagi ni ile ile ya pini tatu na stima yao inaendana na yetu ya 240. Vya Marekani ambavyo jamaa wanatuma kwa nia njema ni vya 120, ukichomeka hivi hivi utasikia harufu tu, na hata ukiweka transfoma mota iliyofanyiwa stima ya mizunguko 60 kwetu ni 50, kwa hiyo inazunguka polepole na inapata joto. Friji ya mtumba ninapoilinganisha na kutengeneza yangu, mimi natengeneza yangu, kwa sababu yangu najua maisha yake, hiyo nyingine siijui. Ila ukiiona inawashwa mbele yako, ikae saa nzima igandishe kikombe cha maji, basi kuna cha kuzungumza.

TV

Iko rahisi kuliko friji. Kioo kimepasuka ama kuna mstari mnene wa rangi kutoka juu hadi chini, nunua, manake kioo ndo TV yenyewe na bei yake inakaribia TV mpya, fundi akikwambia atapata kioo cha mtumba basi ni bahati nasibu.

Sauti ipo picha hakuna, kiza tupu, usikate tamaa. Zima taa za chumba, chukua tochi ya simu uimulike karibu na kioo kwa upande. Ukiona picha kwa mbali kama kivuli, taa za nyuma zimeungua na hizo zinabadilishwa kwa bei ya kawaida tu. Mwambie abadilishe mistari yote ya taa, asiunge taa moja iliyokufa, nyingine ziko njiani kumfuata. Na baada ya hapo punguza mwangaza kwenye mipangilio, TV nyingi zinatoka kiwandani zimewekwa kali mno na ndiyo inayochoma taa.

Haiwaki kabisa hata kale kataa kekundu, mara nyingi ni bodi ya stima, tengeneza. Isipokuwa radi. Radi ikiingilia kwa waya wa antena inapita bodi kuu yenyewe, na bodi kuu kwa TV ya jina lisilojulikana haipatikani. Ndo maana wingu likifunga mimi natoa na waya wa antena, si plagi peke yake.

FENI

Tengeneza, karibu kila mara. Feni ya dari inayozunguka kivivu ama inataka isukumwe kwa fimbo ndo ianze, ni kapasita, kile kidude kidogo cheusi, ni cha pesa kidogo sana na kinapatikana hata hapa mtaani Langoni. Ikipiga kelele ni beringi ama bushi imekauka mafuta. Nunua ikiwa koili imeungua, ama mabawa yameliwa na kutu hadi yanayumba, bawa la feni ya dari likichomoka usiku halichagui wa kumuangukia. Na ukinunua chukua ya mabawa ya plastiki ama aluminiamu, za bati chumvi inazimaliza mapema, hasa nyumba zinazotazama bahari.

PAMPU YA MAJI

Hii inakaribia friji kwa umuhimu, siku pampu ikifa ndoo zinarudi.

Ikivuma haizunguki, kwanza kapasita. Kama si kapasita shafti imekwama kwa kutu kwa sababu ilikaa bila kutumika, ina mahali nyuma pa kuingiza bisibisi uizungushe kwa mkono, stima ikiwa imechomolewa. Ikidondosha maji katikati ya mota na kichwa cha pampu, ni sili, na hapo usingoje hata wiki. Sili ni bei ndogo, lakini maji ya chumvi yakishaingia kwenye beringi na koili umeshahama kutoka mia kadhaa hadi maelfu.

Koili ikiungua kuna kusuka mota upya. Linganisha hivi: pampu ndogo za bei ya chini koili zake zingine ni za aluminiamu, kuzisuka kwa shaba bei inakaribia pampu nzima, nunua. Pampu kubwa nzito ya asili isuke, tena fundi akitumia waya wa shaba wa unene ule ule inaishi vizuri. Lakini mwambie akuonyeshe waya kabla hajapaka vanishi, ukishapakwa wote unafanana. Na maji yako yakiwa ya chumvi tafuta ya kichwa cha shaba ama cha chuma cha pua kisichoshika kutu, chuma cha kawaida kitakurudisha dukani.

VITU VIDOGO

Pasi: waya umekatika karibu na mkono ama fyuzi ya joto ndani imekufa, tengeneza. Birika la stima linalovuja: tupa, maji na stima havina suluhu. Blenda inayozunguka chini lakini kisu hakisogei, ni ile raba ya kuunganisha, badilisha. Ekstensheni iliyoyeyuka tundu moja tupa yote, usiuzibe na selotepu ukatumia matatu yaliyobaki. Na ile tabia ya kuweka uzi wa waya mahali pa fyuzi ya plagi, wallahi sijui nani alitufundisha, fyuzi imewekwa ife yeye kabla nyumba haijawaka.

Shawa ya maji moto ya papo kwa papo isitengenezwe na mtu wa kubahatisha, na ikiwa maji yako ya kisima hakikisha ni ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, na ina waya wa ardhini wa kweli. Ukihisi kamshtuko kwenye bomba, zima swichi kuu ya shawa usioge hapo tena mpaka aje mtu mwenye leseni.

Maikrowevu usiifungue mwenyewe hata ikiwa imechomolewa, ndani kuna kapasita inayoweka stima ya maelfu ya volti muda mrefu. Ikitoa cheche mara nyingi ni kale kakaratasi kagumu ka ukutani ndani, kanabadilishwa kwa bei ndogo. Mlango ukipinda usifunge vizuri, nunua nyingine. Mashine ya kufua nisiseme sana, isiyotoa maji mara nyingi kuna shilingi ama kifungo kwenye pampu yake chini, lakini inayopiga kelele ya mawe ikikausha ni beringi, na kwa mashine ambazo pipa lake limegundishwa moja kwa moja kiwandani beringi haibadilishwi peke yake.

WARANTI

Mpya ina waranti, ndio, na muuzaji ataisema kwanza kabla ya bei. Isome. Nyingi zinatoa nje uharibifu wa stima, na huku stima ndo inayoharibu. Nyingi zinataka kitu kipelekwe kituo chao Mombasa kwa gharama yako, sasa friji ipande boti tena, na lori, na irudi. Kwangu mimi waranti ya mwaka ya dukani Mombasa na fundi wa mtaani aliye na jina, anayekwambia ikisumbua ndani ya miezi mitatu nakuja bure na unajua kwao ni wapi, wanakaribiana. Ila amri moja: fundi arudishe kila spea kuukuu mkononi mwako, na akuandikie alichobadilisha na tarehe, hata kwenye karatasi ya daftari.

Na uamue lolote, kutengeneza ama kununua, nunua pamoja na kile kilinzi cha friji kinachokata stima ikiwa juu sana ama chini sana na kusubiri dakika chache kabla ya kuirudisha. Zile dakika zina kazi, kompresa ikizimika mgandamizo wa gesi ndani unahitaji muda kutulia, stima ikirudi papo hapo inasukuma ukuta. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na friji yenyewe.

Kile kilichokufa nacho kina bei, kiingize kwenye hesabu. Mafundi wananunua mizoga kwa ajili ya spea, na wa skrepa wanachukua kompresa na mota kwa sababu ya shaba ya ndani. TV iliyopasuka kioo ina bodi nzima ambayo mtu mwingine anaitafuta. Usipeleke ufuoni. Na friji bovu ukiiweka uani hata siku mbili ikingoja mnunuzi, ng'oa mlango kwanza, manake watoto wa kucheza kibe watajificha humo, na zile za zamani zenye komeo hazifunguki kwa ndani.